Plaiwudi ya Shina: tamu kwa mistari myembamba, bubu kwa mengine

Kwa anayechonga picha kwenye kibao ili akipake wino na kuichapa kwenye karatasi, akitaka mistari myembamba, plaiwudi ya Shina (jina la mti wa Kijapani) kutoka Japani inafaa sana. Nyuzi zake ni laini na zimebanana, hivyo patasi yenye ncha ya umbo la V hupita karibu sawa kila upande, mradi iwe kali. Patasi butu humega kingo za mstari, na mstari uliomegeka ndiyo basi tena.

Sehemu pana zinazobaki nyeupe zichimbe zaidi kuliko mapengo madogo, la sivyo rola ya wino itazama na kuacha madoa. Ukifikia gundi kati ya tabaka, nenda taratibu: ni ngumu, hula makali.

Wino wa mafuta upake mwembamba, mara kadhaa. Ukiumwaga wote kwa pamoja, mistari midogo huziba. Wa maji unahitaji kibao kilicholowanishwa kwanza.

Kasoro yake? Mistari ya asili ya mti karibu haitoki kwenye chapa. Msanii wa Norway Edvard Munch aliiacha ionekane, ikawa sehemu ya picha. Ukitaka hivyo, chukua msonobari, usugue kwa brashi ya waya kufuata nyuzi. Tena bei yake ni nafuu zaidi.