Probox NCP51 iliyopita kilomita 300,000: itengenezwe au iuzwe?

Probox ya kwanza, ile iliyouzwa kuanzia 2002 hadi 2014 (NCP51 ni namba ya modeli yake yenye injini ya 1NZ-FE), ni gari la kazi lililoundwa kwa ajili ya makampuni ya Japani. Ikiwa na watu wawili, kiwanda kiliiruhusu kubeba kilo 400. Kenya hupakiwa zaidi ya hapo kila siku, kwa hiyo nyingi zilizobaki barabarani zimechoka kwelikweli. Mwenye gari akiona moshi hukata tamaa na kuiuza. Ni haraka mno: injini hiyo ya 1NZ-FE, ya petroli ya lita 1.5, inatengenezeka, na ikishindikana hung'olewa ikafungwa nyingine. Bodi iliyooza ndiyo isiyo na dawa.

Kwa hiyo anzia chini. Inua gari, shika bisibisi, gongagonga vizingiti vya milango, mahali ekseli ya nyuma inapofungwa, na vichwa vya shokabu za mbele. Bati zima hulia kavu. Kizingiti huoza kutoka ndani, pale tope linapoziba vitundu vya kutolea maji. Rangi ya nje bado inang'aa, lakini bisibisi inazama na maganda ya kahawia yanamwagika mkononi. Gari lililokaa Mombasa likaguliwe mara mbili, na vilevile lililotoka Hokkaido, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji. Kizingiti hukatwa kikachomelewa bati jipya. Lakini kutu ikishafika pale ekseli inaposhikilia, uza gari, na umwambie mnunuzi ukweli, maana atapandisha watu humo.

Bodi ikiwa nzima, pima injini. Jaza oili hadi alama ya juu, endesha kilomita 1,000, kisha ongeza kwa chupa yenye vipimo hadi alama ile ile, uone imepungua kiasi gani. Nusu lita inavumilika. Lita nzima ni tatizo. Kabla ya kufungua chochote badilisha valvu ya PCV (inayotoa mvuke wa ndani ya injini), kifaa cha bei ndogo ambacho kikiziba huifanya injini kula oili. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi unapowasha tu, kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, zinazozuia oili isidondokee kwenye silinda. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) injini ikiwa moto, plagi zote nne zimetolewa: ikiwa mpya hutoa psi 213 hivi, kikomo cha chini ni 156, na silinda zisipishane kwa zaidi ya 14. Silinda iliyo chini itie kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ni ringi; isipopanda, tazama valvu.

Ukichagua injini ya mtumba, usilipe kabla haijapimwa vivyo hivyo. Ikiwa bado haijafungwa kwenye gari, badilisha sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji, themostati na mauntini (mipira inayoshikilia injini). Baadaye kazi hiyo hiyo itakugharimu mara mbili. Angalia thrato pia, yaani mlango wa hewa ya injini. Matoleo ya mwanzo yalitumia kebo na ya baadaye ni ya umeme, na kontroli (kompyuta) ya gari lako haitaelewana na isiyo yake. Namba ya injini imo kwenye logibuku, kwa hiyo mabadiliko yapelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya.

Gia boksi ya otomatiki ya gia nne ni ngumu kuua. Oili yake ikiwa nyeusi, imwage na kujaza upya, kama lita 3, bila kuisukuma kwa mashine. Ikinuka kuungua na gia zinateleza, weka bei ya gia boksi kwenye hesabu. Bushi, boli joint na shokabu ni matengenezo ya kawaida, visikutishe.

Usilinganishe bili ya fundi na bei ya kuliuza gari lako. Linganisha na gharama ya kuliweka lingine barabarani, pamoja na tairi, bima na matengenezo ya mwanzo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Probox inayoingia sasa ni ile ya baada ya 2014, na ya petroli ina gia boksi ya CVT, inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. Ni nzuri kwa mafuta na tulivu mjini, ila inataka oili yake maalumu ya CVTF FE. Fundi akiijaza oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda wa ndani utateleza na kujikwaruza. Kwa anayepanda milima na mzigo mzito, NCP51 yenye bodi safi na injini iliyofanyiwa kazi ndiyo tunayoipendekeza.