Mpira wa mlango wa friji: elfu 40 zilizonipunguzia kesi ya LUKU

Nimepanga Tabata, Dar, nyumba ya vyumba sita, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Mwenye friji ni mimi peke yangu. Aliyewahi kuishi hivyo anajua: umeme ukiisha kabla ya siku tuliyoipigia hesabu, macho yote yanageukia mlango wangu. Tulikubaliana kila chumba kitoe elfu 5, mimi nitoe elfu 10, na bado mama wa chumba cha kona akipita koridoni anasema kwa sauti, "Wengine tunachangia barafu za watu."

Friji lenyewe ni la mtumba, la milango miwili. Lilikuwa linanguruma usiku kucha, halinyamazi. Fundi wa kwanza alilisikiliza dakika mbili akasema gesi imeisha, elfu 70. Nikaguna. Linagandisha vizuri, gesi imeishaje? Lakini ndiyo mafundi wetu, friji likikohoa tu ni gesi.

Wa pili ni mzee mmoja niliyeelekezwa na muuza duka. Hakufungua hata begi. Aliniomba noti, nikampa ya elfu 2, akaibana kwenye mlango wa chini, akafunga, akaivuta. Ikateleza ikatoka bila kubishana. Akarudia juu, pembeni, kote ni vilevile. "Umeona, kijana? Joto lote la Dar linaingia humu, mota itapumzika saa ngapi?" Kumbe hata ile barafu nene niliyokuwa naikwangua kila wiki ilikuwa ni unyevu wa hewa inayopenya hapo.

Mpira mpya tuliupata Kariakoo kwa elfu 25, ufundi elfu 15. Nendeni na vipimo vya mlango, tena vya ule mpira wa zamani ukiwa umetandazwa, maana wauzaji watakwambia "huu unaingia kote." Wa kwetu uliingia, lakini kona ya chini ikabaki imepinda, kidole kinapita. Mzee akaazima draya ya saluni ya jirani, akaupuliza moto taratibu mpaka ukalainika, kisha akaubana kwa mkono kama dakika tano. Ukashika. Hapo hapo akalivuta friji kutoka ukutani, maana nilikuwa nimelisukumia kabisa, akapangusa vumbi lililoganda kwenye nyavu za nyuma. Kitufe cha baridi kilikuwa kwenye namba ya mwisho, akakirudisha katikati.

Bahati nzuri ilikuwa wiki ya Idi, wenzangu wote wamekwenda kwao. Usiku wa kabla ya matengenezo nilizima kila kitu isipokuwa friji, nikasoma rimoti ya LUKU, ile inayoonyesha yuniti zilizobaki, saa tatu usiku: 41.6. Saa kumi na mbili asubuhi: 40.3. Yuniti 1.3 kwa saa tisa, na mimi nimelala! Baada ya matengenezo nikafanya vilevile, muda uleule: 0.7. Siwezi kuapa kwamba yote ni kazi ya mpira, maana vumbi na kitufe navyo vilishughulikiwa siku moja. Ila sasa friji linazima, nasikia kabisa likikata, kimya, halafu baadaye linawaka tena.

Kwa pesa: nyumba yetu inapita yuniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo ile bei ya shilingi 100 kwa yuniti, ya wanaotumia kidogo, tunaisikia kwa wengine tu. Sisi ni kama 356, kodi zikiwemo. Nikipiga hesabu ya usiku na mchana, naokoa kama yuniti 1.6 kwa siku, karibu elfu 17 kwa mwezi. Elfu 40 zinarudi ndani ya miezi mitatu.

Kasoro ni mbili. Mzee aliahidi saa tatu asubuhi akaja saa nane, na simu hapokei. Na mpira wenyewe ni mwembamba kuliko wa zamani. Naupangusa kwa maji ya sabuni kila Jumapili, mafuta yasiukaushe. Nampa nyota nne.

Mwezi uliofuata umeme ulichelewa kuisha kwa siku tano. Nikamwonyesha mama mwenye nyumba rimoti, nikamwomba mchango wangu ushuke hadi elfu 7. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, si bado una friji?" Bado natoa elfu 10.