Tathmini: shutil.rmtree ya Python kama kifutio cha folda za bildi (zinazozalishwa programu inapojengwa)

Kwa timu za Kampala zinazohifadhi maktaba za pamoja kwenye diski ya pili na kuziunganisha kwa simlinki (njia ya mkato inayoelekeza kwenye faili au folda nyingine), rmtree, inayofuta folda pamoja na vilivyomo, ni salama kuliko rm, amri ya kufuta ya terminal, ikitumiwa harakaharaka. Ikikuta simlinki ndani ya folda, huifuta yenyewe tu, haigusi inakoelekea. Ukiipa simlinki moja kwa moja, inagoma kwa kosa la OSError; basi pima kwanza kwa os.path.islink kama ni simlinki, kisha uifute kwa os.unlink. Kasoro: chaguo la ignore_errors=True (puuza makosa) humeza hata mgomo huo, unadhani imesafisha kumbe wapi.

Na rm -rf bildi/*, yaani futa vilivyomo kwenye bildi bila kuuliza? Kama bildi ni simlinki, vilivyomo diski ya pili vinakwenda, zinabaki faili na folda za ngazi ya juu zinazoanza na nukta tu. Bando la kupakua upya ni lako.