Uzoefu wangu: micro:bit na kigari chake kwa watoto wanaoanza kuprogramu

Nafundisha watoto wa darasa la tano na la sita kila Jumamosi. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuandika programu, sijaona kifaa kinachofaa kuliko micro:bit, yaani bodi ndogo ya kompyuta, iliyochomekwa kwenye kigari cha magurudumu mawili. Bodi yenyewe inaenea kiganjani: ina taa ndogo 25, vitufe viwili, kihisi cha mwendo na redio. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2020, limeongezewa spika na maikrofoni. Ukiweza kuchagua, chukua hilo. Watoto wanapenda mno roboti inayotoa sauti.

Programu tunaitengeneza kwenye MakeCode, zana ya kuprogramia kwenye kompyuta, kwa kuburuta vitalu vya amri na kuvipachika. Kitalu kisichostahili mahali fulani hakinasi, kwa hiyo mabano na nukta havimsumbui mtoto. Kosa linalobaki ni la kufikiri, na hilo ndilo ninalotaka ahangaike nalo.

Chukua zoezi la kufuata mstari. Tunabandika tepu nyeusi ya mafundi umeme kwenye sakafu nyeupe, na kigari kina vihisi viwili chini yake. Vyote vikiona weusi, kinyooke. Cha kushoto kikiona weupe, kikate kulia. Wengi huyaweka masharti hayo kwenye kitalu cha kuanzia badala ya kile cha kurudia daima. Kigari kinakagua mara moja tu, kisha kinakwenda zake mpaka ukutani. Mtoto anachuchumaa, anakitazama, halafu anasema mwenyewe, "Mwalimu, hakiangalii tena!" Maelezo yangu ubaoni hayajawahi kufika mbali hivyo.

Kasoro zipo. Mota mbili za bei nafuu hazizunguki sawasawa, kwa hiyo kigari ulichokiamuru kinyooke kinapinda, na betri zikichoka programu iliyokuwa nzuri inaharibu kila kona. Weka betri za akiba. Kagua kebo pia: nyingine zinachaji tu, na kompyuta haitaiona bodi.

Bodi zikiwa chache usikate tamaa. MakeCode ina bodi ya kuigiza kwenye skrini, watoto wengine wanajaribu hapo wakisubiri zamu. Kwenye Windows unaweza kuisakinisha ukafundisha bila bando.

Wadogo zaidi, wa darasa la pili, ningewaanzishia Scratch, zana nyingine ya kuprogramu kwa vitalu, maana vitalu vyake vinapatikana kwa Kiswahili.