Aina za Vyuo Vikuu vya Marekani: Mwongozo wa Kununua kwa Familia ya Afrika Mashariki

Marekani haina chombo kimoja kinachowapanga wanafunzi vyuoni, wala serikali kuu haitoi ada elekezi. Kila chuo hujiwekea bei, huchagua wanafunzi wake na huamua chenyewe nani apunguziwe na kwa kiasi gani. Ndiyo maana wanafunzi wawili wanaokaa bega kwa bega darasani wanaweza kulipa, mmoja dola 6,000 kwa mwaka na mwenzake dola 60,000, na wote wakatoka na shahada ileile. Mzazi aliyezoea udahili unaoratibiwa na TCU nchini Tanzania, au mgawo wa KUCCPS nchini Kenya, akiingia katika soko hilo kwa kuuliza chuo kipi ni bora atapewa orodha ya majina makubwa ambayo haitamsaidia. Swali la mnunuzi ni aina gani ya chuo itamfikisha mtoto huyu, mwenye matokeo haya, kwenye shahada yake kwa bei ambayo familia hii itaweza kuilipa miaka yote minne.

Mpangilio ufuatao unamhusu mhitimu wa sekondari mwenye matokeo mazuri ambaye familia yake haiwezi kulipa ada kamili. Familia yenye uwezo wa kulipa kila kitu inaweza kuupindua juu chini bila kunikosea.

Bei ya tangazo na bei ya kulipa

Kila chuo hutangaza gharama ya mwaka mzima inayojumlisha ada, malazi, chakula, bima ya afya, vitabu na matumizi madogo. Katika vyuo binafsi vyenye majina, jumla hiyo sasa inazidi dola 80,000, na wazazi wengi hufunga ukurasa hapo hapo. Wanakosea, kwa sababu si wote wanaoilipa bei hiyo. Tuchukue mfano wa chuo binafsi kinachotangaza dola 84,000 na kutoa ruzuku ya dola 75,000: kitadai dola 9,000. Chuo cha umma kinachotangaza dola 52,000 na kutoa tuzo ya ufaulu ya dola 10,000 kitadai dola 42,000. Kile kilichoonekana ghali ndicho nafuu, tena kwa mbali.

Barua ya msaada wa fedha isomwe mstari kwa mstari. Ruzuku hairudishwi. Mkopo unarudishwa, na kwa mwanafunzi wa kigeni mara nyingi hudai mdhamini ambaye ni raia au mkazi wa kudumu wa Marekani. Mstari wa tatu, ule wa kazi ya chuoni, si fedha iliyotolewa bali ni mshahara ambao mwanafunzi ataufanyia kazi maktabani au jikoni baada ya kufika, kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, kama viza ya mwanafunzi ya F-1 inavyotaka. Wapo wanaojumlisha mistari yote mitatu na kuwatangazia ndugu kwamba kijana amepata ufadhili kamili, kisha bili ya Agosti inafika na nauli ya ndege bado haijahesabiwa. Aulizwe pia ofisa wa chuo, kwa maandishi, kama ruzuku hiyo inaendelea hadi mwaka wa nne na mwanafunzi anatakiwa kudumisha wastani gani.

Nafasi ya kwanza: vyuo vidogo vya shahada ya kwanza

Hivi ndivyo vinavyoitwa liberal arts colleges, na mtafutaji atalihitaji jina hilo mtandaoni. Vingi vina wanafunzi wasiozidi 3,000, karibu wote wakiwa wa shahada ya kwanza, na profesa mwenyewe ndiye anayefundisha, anayesimamia maabara na anayesahihisha insha. Amherst na Williams viko Massachusetts, Swarthmore kiko Pennsylvania, Grinnell kiko katikati ya mashamba ya Iowa, na Macalester kiko Minnesota. Huku kwetu majina haya hayamtishi mtu kwenye harusi, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa machoni pa wazazi. Lakini Kofi Annan alihitimu Macalester mwaka 1961. Wangari Maathai, aliyeondoka Kenya mwaka 1960, alisomea biolojia katika chuo kidogo cha masista wa Kikatoliki cha Mount St. Scholastica huko Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964, ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa uzamili. Njia hiyo ya chuo kidogo kwanza na chuo kikubwa cha utafiti baadaye bado ni mojawapo ya njia bora.

Sababu ya kuviweka juu ni fedha. Vile vilivyo tajiri vina mifuko ya akiba mikubwa ikilinganishwa na idadi ya wanafunzi wao, na hutumia faida yake kulipia pengo kati ya gharama na uwezo wa familia. Hapa kuna tofauti ambayo mwombaji lazima aielewe. Vyuo vichache, Amherst kikiwemo, havitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni wakati wa kumchagua, na vikishamkubali hulipia pengo lote. Vingine vingi hutazama uwezo huo, kwa hiyo anayeomba msaada mkubwa hushindania nafasi chache. Lakini baadhi yake, vikishamkubali, humlipia kikamilifu. Kundi la tatu hukubali mwombaji na kumwacha na pengo la dola 30,000. Barua yake ya pongezi hufanana na za wenzake, na familia hugundua tofauti katika ukurasa wa pili.

Berea, mjini Berea huko Kentucky, kinastahili kutajwa peke yake. Kilianzishwa mwaka 1855 na wapinzani wa utumwa, hakitozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Hupokea wageni wachache sana kila mwaka, kwa hiyo kiwe kimoja kati ya maombi kadhaa.

Kasoro za kundi hili ni mbili. Anayetaka uhandisi atakuta vyuo vingi vidogo havina, ingawa Swarthmore na Smith vinao. Ya pili ni uhai wa chuo chenyewe, maana si kila chuo kidogo ni tajiri. Hampshire, huko Massachusetts, ambako Lupita Nyong'o alisomea shahada yake ya kwanza, kilitangaza mwaka 2019 kwamba hakitapokea darasa kamili la wanafunzi wapya kwa uhaba wa fedha. University of the Arts, ya Philadelphia, ilitangaza mwisho wa Mei 2024 kwamba inafunga milango, na tarehe 7 Juni ikafunga. Mnunuzi agawanye mfuko wa akiba wa chuo kwa idadi ya wanafunzi. Chuo kinachoendeshwa kwa ada ya mwaka huu peke yake kimwogopeshe.

Nafasi ya pili: vyuo vikuu binafsi vya utafiti vilivyo tajiri

Kwa fedha pekee, hivi vingekuwa vya kwanza. Harvard, Yale, Princeton na MIT havitazami uwezo wa mgeni wakati wa udahili na hulipia pengo lote. Kilichovishusha ni uwezekano: Harvard hukubali waombaji wasiofika 5 kati ya kila 100. Aombe anayestahili, ila asiwe na kundi hili peke yake mkononi. Ivy League, kwa njia, ni ligi ya michezo ya vyuo vinane vya kaskazini mashariki, si daraja la ubora. Stanford na MIT havimo, na hakuna aliyevidharau kwa hilo.

Nafasi ya tatu: chuo cha jamii, kisha kuhamia

Chuo cha jamii hutoa miaka miwili ya kwanza, takriban krediti 60 kati ya 120 za shahada, kwa ada ambayo mara nyingi haifiki nusu ya ile ya chuo kikuu cha umma. Udahili wake ni rahisi na karibu kila aliyemaliza sekondari hupokelewa. California ina vyuo 116 vya aina hiyo, na mpango wa jimbo wa mwaka 1960 ulivifungulia njia rasmi ya kwenda vyuo vikuu. Kampasi sita za University of California hutoa dhamana ya nafasi kwa anayehamia akitimiza masharti yaliyoandikwa.

Njia hii inamfaa hasa mwenye shangazi Minnesota au mjomba Dallas atakayempa chumba na chakula, kwa sababu vyuo vingi vya jamii havina mabweni wala msaada wa maana kwa wageni. Hatari yake iko mwaka wa tatu. Anayehamia chuo kikuu cha umma atakutana na ada ya mgeni, na misaada mingi mikubwa huwa imekwisha kutolewa kwa walioingia mwaka wa kwanza. Hesabu ya miaka minne ifanywe kabla ya kukata tiketi.

Nafasi ya nne: vyuo vikuu vya majimbo

Vyuo hivi ni mhimili wa elimu ya Marekani. Vingi vilikua kutokana na sheria ya Morrill iliyotiwa saini na Rais Lincoln mwaka 1862, iliyoyapa majimbo ardhi ya kuuza ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Uhandisi, kilimo na kompyuta ya Purdue, Illinois au Michigan havihitaji kusifiwa na mimi. Tatizo ni kwamba hazina ya jimbo huwapunguzia wakazi wa jimbo, na mgeni hulipa bei ya juu kabisa: University of California humwongezea mgeni zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya mkazi. Kukaa kwa mjomba Ohio kwa kawaida hakumfanyi mwenye viza ya mwanafunzi kuwa mkazi wa Ohio mbele ya mhasibu wa chuo.

Ndani ya kundi hili kuna vyuo vidogo vya umma, vingi vikiwa vilianza kama vyuo vya ualimu, ambavyo huwapunguzia ada wageni wenye alama za juu. Hivyo vitafutwe kabla ya vile vyenye timu za mpira zinazoonekana kwenye televisheni.

Vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi vimo katika makundi yote, vya umma na binafsi. Chuo Kikuu cha Lincoln, huko Pennsylvania, ndiko Kwame Nkrumah alikohitimu mwaka 1939. Howard, kilichoanzishwa mwaka 1867, mwaka 2025 kiliwekwa katika daraja la juu la utafiti. Ni vyuo vyenye heshima, ila mifuko yake ni midogo na msaada kwa wageni ni haba.

Kuhusu udaktari: Marekani hufundisha udaktari baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi za udaktari hazipokei wageni au hupokea wachache sana. Mhitimu wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) anayetaka kuwa daktari moja kwa moja abaki Muhimbili au Nairobi.

Nafasi ya mwisho: vyuo vya kibiashara

Hivi vimeundwa ili wenye hisa wapate faida. ITT Technical Institute, chenye matawi zaidi ya 130, kilifunga yote Septemba 2016 baada ya serikali kukizuia kuandikisha wanafunzi wapya wenye misaada ya serikali. Kibali cha kutoa fomu ya I-20 ya viza si uthibitisho wa ubora: Tri-Valley, huko California, kilikuwa nacho bila kuwa na ithibati, na mwaka 2011 maofisa wakakivamia na kukifunga. Ithibati ihakikiwe katika orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani, si katika tovuti ya chuo, na Mtanzania aulize TCU kama shahada hiyo itatambuliwa nyumbani. Jina nalo lisomwe vizuri, kwa kuwa Miami University iko Ohio na University of Miami iko Florida.

Tarehe

Maombi ya mapema hufungwa karibu tarehe 1 Novemba, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Baadhi ya maombi ya mapema humfunga mwombaji kukubali nafasi kabla ya kulinganisha ofa, kwa hiyo anayetegemea ruzuku ayatumie tu kwa chuo ambacho hesabu yake tayari inaeleweka. Washauri wa EducationUSA katika balozi za Marekani, Dar es Salaam na Nairobi, hawatozi chochote, na ndio wa kuulizwa pia kuhusu masharti ya viza, ambayo hubadilika kwa uraia na kwa wakati. Jibu kwa chuo hutolewa kwa kawaida kufikia tarehe 1 Mei pamoja na amana, na kwa kuwa amana hiyo mara nyingi hairudishwi, isilipwe kabla barua ya msaada wa fedha haijafika ikiwa na kiasi cha kila mwaka.