Kitanda cha deka kwenye chumba cha futi 9 kwa 10: uzoefu wangu

Chumba cha wanangu kina futi 9 kwa 10 na mlango unafungukia ndani. Ukitoa nafasi ya mlango na kabati la nguo, kinachobaki ni pa kugeuzia kiti tu. Nina wavulana wawili. Wakati naanza safari hii mkubwa alikuwa na miaka 8 na mdogo anaelekea 5, wote wanalala kitanda kimoja cha 5 kwa 6. Mkubwa akilala anazunguka kama mshale wa saa. Mdogo alikuwa bado anakojoa kitandani. Kila asubuhi ilikuwa kesi, na hakimu ni mimi.

Nimenunua deka, yaani kitanda cha ghorofa, mara mbili ndani ya miezi mitano. La kwanza lilikuwa la dukani, la pili la kuchongesha. Naandika kwa sababu pesa ya la kwanza ilinipotea kwa uzembe wangu mwenyewe zaidi kuliko ubaya wa kitanda.

Hilo la kwanza lilikuwa la chuma, limekuja kwenye maboksi mawili kutoka nje, nikalinunua duka moja mjini kwa 390,000 pamoja na kufungiwa nyumbani. Jeusi, linang'aa, pale dukani limetandikwa shuka za katuni. Nililipenda kwa macho. Futi kamba sikuwa nayo hata ile ya kushonea.

Wiki ya kwanza raha tupu. Ya pili likaanza kulia. Mtoto akijigeuza juu unasikia kri, kri, kama mlango wa stoo. Nikakaza nati, likanyamaza siku tatu, likaanza tena. Bomba lake lilikuwa jembamba, ukiligonga kwa kucha linalia kama kopo tupu. Ngazi nayo ilikuwa ya vibomba vya mviringo, unene wa kidole gumba. Nikaona mkubwa anapanda kulala na ndala miguuni, nikamgombeza nikidhani ni utundu. Jumamosi moja nikapanda mwenyewe, peku, kwenda kutandika. Niliposhuka nilitafuta ndala zangu.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda kilitokea usiku mmoja, kama saa tisa hivi, nimeamka kwenda msalani nikachungulia chumbani kwao. Mkubwa amelala fofofo, mguu mzima wa kulia na nusu ya kiuno viko nje ya ukingo, mkono unaning'inia. Nilimsukuma ndani taratibu nisimshtue. Kisha nikawasha taa nikapima kwa vidole: kutoka juu ya godoro hadi juu ya ukingo, vidole vitatu. Ukingo wenyewe ulikuwa na inchi 8 kutoka kwenye wavu wa kitanda. Ila mimi, kwa kutaka mwanangu alale pazuri, nilikuwa nimemwekea godoro la inchi 6. Godoro lilikuwa limekula ukingo. Usiku uleule magodoro yote mawili yakashuka sakafuni.

Dukani nilionyeshwa maandishi chini ya risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kijana akanishauri ninunue godoro la inchi 3. Ushauri si mbaya kwa hesabu ya ukingo, lakini godoro la inchi 3 juu ya wavu wa waya, mtoto anaamka na chapa za miraba mgongoni. Kitanda cha chini tulikipeleka Muheza kwa bibi yao, na huko hakilii maana hakijabeba kitu kichwani. Cha juu kipo stoo hadi leo.

Baada ya hapo ndipo nikakaa chini kusoma, kitu nilichotakiwa kufanya kabla. Marekani wana sheria ya vitanda hivi: ukingo wa juu upite uso wa godoro kwa inchi 5 au zaidi, na nafasi kati ya mbao na mbao isizidi inchi 3 na nusu. Ulaya wanataka ukingo upite godoro kwa sentimita 16, ambazo ni zaidi kidogo ya inchi 6. Na wote wanakubaliana kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 asilale juu. Hiyo ya nafasi kati ya mbao ndiyo iliyonisisimua mwili. Mtoto mdogo anaweza kupenyeza miguu na kiwiliwili kwenye uwazi, halafu kichwa kikanasa, naye ananing'inia. Nilikuwa nimeona vitanda vingi vya mbao vyenye uwazi wa inchi 6 au 7 pembeni, nikavisifia kwamba vinapitisha hewa.

Jambo jingine sikuwahi kulifikiria: ukingo unatakiwa na upande wa ukutani. Sisi tunasema ukuta wenyewe si ndio ukingo? Kumbe kitanda kinasogea. Watoto wanaruka, fagio linasukuma, na baada ya mwezi kuna ufa kati ya kitanda na ukuta ambao mtoto anaweza kutumbukia akiwa usingizini.

Nikaenda Keko, Dar es Salaam, kule mafundi samani walikojipanga, nikiwa na daftari la shule nimechora na vipimo vyote. Nilizunguka kwa mafundi wanne. Watatu walikuwa na deka zao za mfano na hawakutaka kusikia habari za daftari. Wa nne alilisoma, akacheka. "Mama, ukingo mrefu hivi unamfungia mbuzi?" Nikamwambia huyu mbuzi ana miaka minane na anatembea usingizini. Si kweli, hatembei, lakini ilisaidia.

Bei alizonipa: paini tupu 450,000, mninga mtupu 950,000. Paini inayopandwa kule Mafinga na Sao Hill imejaa mjini ndiyo maana ni nafuu, na si mbao mbaya ikikauka vizuri na kupigwa dawa. Isipopigwa, bungua wanaingia, na utajua kwa ule unga laini unaoukuta sakafuni kila ukifagia. Tukakubaliana katikati: nguzo nne, fremu na ngazi za mninga, kingo na chaga za paini, 720,000. Hapa niwape angalizo. Paini ikipakwa rangi ya kahawia na vanishi juu, kwa macho yangu mimi ni mninga kabisa. Pitisha mkono na tochi ya simu chini ya fremu, mahali ambapo brashi haikufika. Ukiona weupe wa njano na macho ya matawi, hiyo ni paini, hata fundi aape vipi. Halafu inyanyue: mninga mkavu una uzito wake.

Kitanda cha chini nilitaka cha 4 kwa 6 na cha juu 3 kwa 6. Kwanza, kitako kipana kinafanya deka lisiyumbe, na mimi ni mpangaji, mama mwenye nyumba hataki kusikia mtu anatoboa ukuta wake kwa bolti. Pili ni homa. Mtoto akiumwa usiku lazima nilale naye, na kwenye kitanda cha futi 3 mmoja wetu anaamkia chini. Kwa hiyo chaga za chini zikawekwa inchi 12 kutoka sakafuni, za juu inchi 54, godoro la chini inchi 6. Kutoka uso wa godoro la chini hadi fremu ya juu inabaki kama inchi 33. Naweza kukaa nikampa mtoto dawa bila kujigonga kichwa. Mimi ni mfupi, lakini. Baba yao anakaa ameinama kama anayesali.

Kingo za juu zikawa inchi 12 kutoka kwenye chaga, pande zote mbili ndefu, na mbao zake zimeachana inchi 3. Nikamwomba fundi achimbe mstari kwa patasi upande wa ndani wa nguzo, inchi 5 kutoka kwenye chaga. Huo ndio mwisho wa godoro. Siku nikipitiwa, au shangazi yao akiwaletea zawadi ya godoro nono, mstari upo. Kwa godoro la inchi 5 ukingo unabaki na inchi 7.

Tulibishana kwenye viungo. Yeye alitaka misumari na gundi, anasema ndiyo inakaa maisha. Inakaa, ndiyo, mpaka siku ya kuhama, ambapo itabidi uvunje mlango au uvunje kitanda. Nikang'ang'ania bolti na nati zenye washa pana. Aliongeza 30,000 na kisirani kidogo. Aliahidi wiki mbili, nikasubiri tano, kila nikipiga simu ni "kesho kutwa, mama". Kilikuja kwenye kirikuu kikiwa vipande, kikafungwa kwa saa mbili.

Sasa pangaboi. Hili nusura linipite kabisa, na nashangaa halisemwi. Dari yetu ina futi 9, na feni lilikuwa katikati ya chumba likining'inia inchi 14 hivi. Uso wa godoro la juu uko inchi 59 kutoka chini, panga liko inchi 94. Tofauti ni inchi 35. Mtoto aliyekaa anapona, akipiga magoti hatari. Nikasema si liko katikati na kitanda kipo pembeni? Nikapiga hesabu: feni la inchi 56, kila panga linafika inchi 28 kutoka katikati. Katikati ya chumba ni inchi 54 kutoka ukutani. Toa 28, unabaki na 26. Godoro la juu lina upana wa inchi 36. Yaani inchi 10 za kitanda zilikuwa chini ya panga, upande uleule wa ngazi, ambako mtoto anainuka kushuka. Tukaling'oa tukaweka feni ya ukutani. Mama mwenye nyumba alikubali matundu mawili baada ya kuoneshwa kwa fimbo ya fagio mahali kichwa cha mtoto kingefika.

Miezi kumi sasa. Kitanda hakilii. Mwezi wa kwanza nati zililegea kidogo kwa sababu mbao ilikuwa bado inakauka, nikakaza, na tangu hapo spana naishika mwisho wa mwezi nikikumbuka. Vipandio vya ngazi ni mbao bapa za inchi 3, ndala zimerudi mlangoni.

Kero zipo. Juu ni joto. Nyumba ya bati na dari jembamba, Januari na Februari mkubwa alikuwa anashuka na mto wake kulala sakafuni, na sina la kumlaumu. Chandarua cha chini ni rahisi, nimekifunga kwenye fremu ya juu na kinashuka vizuri pande zote. Cha juu kimenitesa. Kinaning'inia darini, na kila akipanda anakikanyaga kwenye ngazi. Nimeshakishona mara tatu, sasa nimepunguza urefu upande wa ngazi na anakichomeka mwenyewe akishafika. Kutandika juu ni mazoezi ya viungo, kwa hiyo nimemwachia mwenyewe, anatandika anavyojua.

Chaga nazo niliibiwa kiaina. Fundi aliweka tisa juu, zimeachana karibu inchi 5, na godoro la sponji likaanza kuzama katikati yake. Niliongeza tano. Sikukuu ya Idi binamu zao walikuja, wakapanda watatu kwa pamoja kucheza meli, moja ikapasuka. Shilingi 3,000 kwa fundi wa mtaani, na tangazo kwamba juu anapanda mtu mmoja.

Nikiulizwa kama kila mtu aende kuchongesha, hapana. Yapo madeka ya chuma ya bomba nene, ambayo fundi wa kuchomelea wa mtaani kwako anaweza kuyatengeneza kwa pesa ndogo kuliko niliyotoa, ila kwetu pwani mwambie apake rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile ya urembo, na azibe vichwa vya mabomba, vinginevyo mende watahamia humo na familia zao. Popote uendako, nenda na godoro lako akilini na futi kamba mfukoni.

Mdogo ametimiza miaka 6 mwezi uliopita na amemtangazia kila mtu mtaani kwamba sasa ruksa kulala juu. Kwa vitabu ni kweli. Mkubwa ndiye aliyeweka pingamizi, maana akishuka yeye chini atakuwa chini ya nani? Amebandika kalenda ukutani na masharti yake: siku tisini mfululizo za shuka kavu ndipo wabadilishane. Mpaka leo asubuhi wako siku ya kumi na moja, na ni mara ya nne wanaanza kuhesabu upya.