Fundi wa kupamba duka: mkono mzuri, mdomo mchafu

Nampa nyota mbili. Jana usiku nilikuwa nimeandika moja, nikafuta, nikaenda kulala. Leo asubuhi nimefungua duka, nikautazama ukuta, nikaona nikimpa moja nitakuwa mwongo. Lakini tatu hapati, hata aje kupiga magoti hapa kibarazani. Na kibaraza chenyewe ndicho kilicholeta haya yote.

Niko Busia, upande wetu wa Uganda, kwenye barabara ya kushuka Majanji. Duka ni dogo: unga, sukari, mukene (dagaa wa ziwani), sabuni, mkate, soda. Kwa miaka mingi ukuta wangu ulikuwa wa njano, kwa sababu watu wa kampuni ya simu walikuja wakapaka bure, na nani hukataa rangi ya bure? Ubaya wake unaujua siku ukimtuma mtoto. Unamwambia "nenda duka la njano", naye anasimama katikati ya barabara anazubaa. Ukitembea kidogo tu hapa utakuta njano ya MTN, nyekundu ya Airtel, njano tena, nyekundu tena, na jina la mwenye duka limebanwa pembeni kwa herufi ndogo kama mgeni aliyechelewa harusi. Halafu vumbi letu hili jekundu. Njano ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Kuna mama mmoja alisimama mlangoni akaniuliza, mimi niko ndani namtazama, eti hapa palifungwa lini.

Hapo ndipo binti yangu akamleta fundi. Mtu wa Kampala. Alinisahihisha mapema kwamba yeye si mpaka rangi, yeye anatengeneza sura ya duka. Haya. Tukakubaliana shilingi 850,000, vifaa ni juu yake, nikampa laki nane, elfu hamsini zibaki mpaka kazi iishe. Mniombee dua kwa kuzibakiza zile elfu hamsini.

Kazi ya rangi nitaisema haraka kwa sababu sina la kulalamika, na hilo linaniudhi. Tulibomoa plasta iliyooza chini ya dirisha, akapiga mpya, nikamwambia kesho paka. Akakataa. Akasema plasta ikae karibu wiki nne, kwa sababu ikiwa bado ina maji ndani, maji yakitoka yanaleta chumvi nyeupe juu ya ukuta, na ukishapaka rangi ya mafuta yanakosa njia, rangi inavimba kama mkono ulioungua. Mimi nikadhani anatafuta muda wa kwenda kufanya kazi ya mtu mwingine. Tuligombana kwa simu mara tatu. Jirani yangu, ambaye hakungoja, sasa ukuta wake unabanduka maganda kama kitunguu. Basi hapo fundi alishinda, tuendelee.

Chini, kutoka ardhini hadi usawa wa goti, akapaka kahawia nzito. Nikasema inafanya duka kuwa na huzuni. Akaniuliza kama duka langu lina mfereji wa kukinga maji ya paa. Halina. Mvua za kwetu mnazijua, maji yanaanguka kutoka kwenye mabati, yanapiga udongo, udongo unarukia ukuta. Mvua imenyesha, nimeangalia, tope liko palepale juu ya kahawia na halionekani. Juu amepaka kijani cha jani la mgomba. Nyekundu niliyoitaka alinikatalia, akasema upande wa mbele unapigwa na jua la jioni na nyekundu ya bei nafuu itapauka.

Jina nalo. Nilikuwa nimempa karatasi ya vitu vyote ninavyouza, nikitaka viandikwe. Akanivusha barabara, akanisimamisha penye stendi ya boda, akasema: mtu aliye juu ya pikipiki anasoma maneno mangapi kabla hajapita? Nikahesabu boda zikipita. Matatu. Basi akaandika jina tu, meupe, manene, na vitu vingine akavichora. Mkate aliouchora pembeni mwa mlango, wallahi, una vipande na una mvuke. Watoto wa shule wanaugusa. Akafunga na taa juu ya bango, bulbu ndogo isiyomaliza Yaka, huu umeme wetu wa kulipia kabla, maana huku kwetu saa moja na nusu jioni ni giza mwaka mzima, na duka lisilo na taa mtu analipita akidhani umelala. Wateja wa jioni wameongezeka, wakiwemo watu wa kuvuka mpaka ambao sikuwahi kuwaona. Hayo nimeyakubali kwa kinywa changu mwenyewe.

Sasa benchi.

Nilikuwa na benchi kibarazani, la mvule, nililikuta nilipoolewa. Siku ya kumalizia nilikwenda Majanji kuchukua mukene. Narudi alasiri na gunia langu, nashuka kwenye boda, naona duka linang'aa, moyo ukafurahi hatua mbili. Ya tatu nikaona benchi langu limekatwa katikati kwa msumeno. Vipande wamevisimamisha juu ya madebe mawili, kijana wa fundi amevikanyaga anachora herufi juu ya mlango, rangi imevidondokea. Na yule mzee wetu amesimama ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa kijana wa kutuma pesa, kikombe mkononi.

Huyu mzee ni lazima mumjue kidogo. Alikuwa dereva wa malori, Mombasa hadi Kigali, siku ambazo pale mpakani ulilala foleni, kabla hawajazindua mwaka 2018 hiki kituo cha pamoja, ambapo Kenya na Uganda zinakagua mara moja. Sasa miguu imechoka. Anakuja saa tatu asubuhi, anakaa kwenye benchi, anaondoka magharibi. Nikiingia ndani kuswali yeye ndiye anayewaambia wateja "ngojeni, mama yuko karibu". Hajawahi kugusa hata kiberiti changu.

Nikamuuliza fundi, mzee amesimama ng'ambo kwa nini? Akajibu akiwa anafuta brashi, bila hata kunitazama:

"Nyabo, wazee wanazeesha duka. Mteja anataka kuona bidhaa, haji kuona magoti."

Magoti! Na sauti yake si ya kunong'ona, mzee alisikia, watu wa boda walisikia, mmoja akacheka. Nilichomjibu sitakiandika hapa kwa sababu shemeji zangu wanasoma. Nikamwambia alipe benchi. Akacheka, akasema nimletee risiti ya kununulia. Risiti ya benchi la mvule nililolikuta kwa mama mkwe wangu!

Binti yangu anamtetea. Anasema kutoka barabarani migongo ya watu ilikuwa inaziba kaunta yote, shelfu hazionekani, na fundi alilisema hilo siku ya kwanza. Ni kweli alilisema. Na ni kweli mimi niliitikia kwa kichwa, nikidhani anamaanisha tulisogeze. Sasa kusogeza na msumeno ni ndugu wa wapi?

Na hata tuache adabu, tuhesabu biashara. Soda zangu ni za chupa za kioo, chupa inarudi kwenye kreti, kwa hiyo mtu hainunui aondoke nayo, anainywea papa hapa. Atainywea wapi? Kwenye benchi. Watu wa boda walikuwa wakikaa, soda moja, mandazi mawili, maneno, soda ya pili. Kreti ilikuwa inaisha siku mbili. Benchi lilipokufa, wiki ilikaribia kukatika na bado nazihesabu chupa zilizojaa. Walikuja, wakausifu mkate wa ukutani, wakauliza pa kukaa, wakavuka kwenda kwa jirani mwenye ukuta wa maganda ya kitunguu. Kwake kuna magogo mawili ya kukalia. Magogo tu!

Mama mmoja wa soko aliniambia kitu kingine kilichonikata maini: alipita siku mbili bila kuingia kwa sababu aliona kijani na taa akajua bei zimepanda. Sukari ni ileile, mama! Nimelazimika kuandika bei kwenye kipande cha boksi na kukining'iniza mlangoni, juu ya uchoraji wa laki nane.

Kwa hiyo je, nimpendekeze? Ukiwa na ukuta, ndiyo. Ukiwa na ukuta na watu, kaa naye hapo hapo mpaka afunge ndoo ya mwisho, usiende Majanji wala kokote, na mwonyeshe kwa kidole: hiki usiguse, hiki usiguse, huyu usimseme. Nilikuwa nataka kuandika kwamba asiitwe na mtu yeyote. Halafu nimetoka nje nikautazama ule mkate tena. Ni mzuri jamani. Hasira inapanda nikikumbuka magoti, inashuka nikiona mkate, na nyota zinapanda na kushuka nazo. Ziache mbili.

Seremala amenitengenezea benchi jipya, fupi kuliko lile, tumeliweka upande wa dirisha ili kaunta ionekane. Ndiyo, ili kaunta ionekane, msinicheke. Mzee nilimfuata nyumbani kwake mimi mwenyewe kumwomba radhi. Amerudi. Lakini hakai kama zamani. Anakaa mbele kabisa, mgongo haugusi ukuta, na juzi nikamwona amekuja na gazeti, analibandika nyuma ya kichwa chake kabla hajaegemea, ili mafuta ya nywele yasichafue rangi yangu. Nililichukua lile gazeti nikafungia mukene wa mteja.

Fundi bado ananiandikia kila asubuhi kuhusu baki yake. Elfu hamsini ziko kwenye droo, sijazila. Aje azichukue mchana, mzee akiwepo, na msumeno auache Kampala.